Ubao Unaoitwa Tambi

Ingia kwenye duka la mbao za theluji, iwe Vermont au Colorado, usimame pembeni kidogo. Haupiti muda utamwona mteja akifanya jambo ambalo mgeni angedhani ni kuharibu mali ya watu. Anautoa ubao ukutani, anausimamisha mkia ukiwa sakafuni, mkono mmoja anashika pua, na kiganja cha pili anakisukuma katikati kwa uzito wa mwili. Ubao unapinda. Anaachia, unarudi. Anarudia mara ya pili, polepole, uso umemkaa kama wa mtu anayegonga tikiti sokoni. Kisha anatamka neno moja na kuurudisha ubao mahali pake: tambi.

Kiingereza chao ni noodle, na maana yake ni tambi zilezile za sahani. Ubao umelegea, haurudishi kitu. Ametukana, ingawa muuzaji hakasiriki, kwa sababu kesho atakuja mwingine, ataubonyeza ubao uleule, naye atafurahi kwa sababu hiyohiyo.

Ubao wa theluji wa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 150 hadi 160, upana wa sentimita 25 hivi kiunoni, na uzito unaokaribia kilo 3 kabla ya kufungiwa vishikio vya miguu. Hauna injini, hauna breki, hauna usukani. Amri yoyote itokayo mguuni hufika kwenye theluji kwa ubao kuinama upande, kupinda, kujisokota au kutetemeka. Basi waendeshaji wake wamejikuta na msamiati mzima wa kupinda, kujisokota na kutetemeka, na karibu kila neno, ukilifuata hadi lilikoanzia, unalikuta limekaa juu ya kitu ambacho mhandisi angekipima kwa chombo.

Viwanda navyo vina vipimo vyao. Ugumu wa ubao huandikwa kwa namba, mara nyingi 1 hadi 10, wa 1 ukiwa laini kabisa. Ila mizani ya pamoja haipo. Namba 5 ya kiwanda hiki yaweza kuwa 7 ya jirani yake, na wote wawili wakawa wasema kweli. Ni kama kumwambia mama ntilie aweke pilipili kidogo: kidogo ya nani? Isitoshe, namba hiyo moja inasema tu ubao unapinda kiasi gani. Haisemi unarudi upesi namna gani, unajisokota vipi, wala unatulia baada ya muda gani. Mambo hayo matatu ndiyo yanayozungumzwa kwenye kiti cha kamba kinachowapandisha watu mlimani, na huko namba hazisikiki.

Lugha yenyewe ilitoka baharini. Siku ya Krismasi ya 1965, mjini Muskegon, jimbo la Michigan, mhandisi Sherman Poppen aliunganisha ski mbili ubavu kwa ubavu ili binti zake wapate kitu cha kuchezea kwenye theluji nje ya nyumba. Mkewe akakipa jina Snurfer, kwa kulibana neno la theluji na lile la kuteleza juu ya mawimbi. Mwaka uliofuata kampuni ya Brunswick ikaanza kuzitengeneza, zikiwa na kamba puani ya kushikilia kama hatamu. Waliokuja kuufanya mchezo huu kuwa biashara walikuwa Jake Burton Carpenter, aliyeanzisha kampuni yake Vermont mwaka 1977, na Tom Sims wa California, ambaye tayari alikuwa mtu wa mbao za magurudumu. Wenye viwanja vya ski hawakuwataka. Kwa miaka mingi walifukuzwa getini, na hata leo viwanja vitatu vya Marekani, Alta na Deer Valley vya Utah na Mad River Glen cha Vermont, bado haviruhusu ubao. Michezo ya Olimpiki iliwapokea mwaka 1998, Nagano, Japani. Kwa hiyo msamiati huu ulikulia nje ya geti, mdomoni mwa vijana waliokuwa na maneno ya pwani na ya mtaani tayari, na waliolazimika kuyatumia kueleza kitu ambacho hakikuwa bado na mafundi wala vitabu.

Sifa inayotafutwa sana ni pop. Ni sauti ya kizibo kikichomoka kwenye chupa, na ndivyo mtu anavyotaka ubao umfanyie: umtupe. Ukitaka kuruka bila kilima, unaegemea mkia, unaupinda, halafu unaachia na kujinyanyua nao. Mruko huo unaitwa ollie, kwa jina la utani la Alan Gelfand, kijana wa Florida aliyeuzusha mwishoni mwa miaka ya 1970 juu ya ubao wa magurudumu.

Kinachomtupa kiko ndani. Ubao ukiukata kwa msumeno utaona tabaka kama za chapati iliyokunjwa vizuri: katikati kiini cha mti, mara nyingi popla au paulonia, pengine mianzi, juu yake na chini yake faibaglasi iliyolowekwa gundi ya epoksi, chini kabisa plastiki ya polietilini inayogusa theluji, na pembeni, ukizunguka, utepe wa chuma wenye upana wa milimita chache tu. Vyote vimebanwa kwenye mashine yenye joto hadi vikawa kitu kimoja. Ubao ukipinda, faibaglasi ya upande mmoja inavutwa na ya upande wa pili inasongwa, na jitihada yako inahifadhiwa humo kama inavyohifadhiwa kwenye upinde wa mwindaji.

Mtu angetarajia hapa kwamba ubao mgumu ndio unaoruka zaidi. Si lazima. Kwa nguvu ileile ya mguu, ubao laini hupinda zaidi, na kwa kupinda zaidi huweka akiba kubwa zaidi. Kasoro yake ni kuchelewa kulipa. Mgumu hupinda kidogo, hulipa papo hapo, lakini hudai mtu wa kuupinda. Mwenye kilo 90 na miguu ya mcheza mpira ataupanda ubao fulani aseme una pop ya ajabu. Mpe mwenye kilo 55 ubao huohuo, atakwambia ni plank, yaani ubao wa mjenzi wa kiunzi, kwa sababu yeye ameuegemea na haukumsikia. Wote wawili wamepima sawasawa. Kila mmoja amejipima na yeye mwenyewe humohumo.

Tambi, sasa, ni ule unaopinda kwa hiari na kusahau kurudi. Lakini ukiwa kwenye bustani ya vyuma na vilima vidogo, unataka kuinamia pua hadi mkia unyanyuke, kisha uzunguke juu ya theluji ukiwa umelala hivyo hivyo, tambi ndiyo hasa unayoihitaji. Mchezo huo wanauita kupaka siagi, na ukitazama pua ya ubao inavyobonyea na kufagia juu ya theluji kama kisu juu ya mkate, huwezi kubisha.

Kujisokota ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote jinsi mguu unavyojua mambo kabla ya kichwa. Chukua kanga. Ishike pindo mbili zinazotazamana, uvute kwa kufuata uzi. Haiendi popote. Sasa ishike pembe mbili zilizo mkabala, uvute kimshazari. Inanyooka, inakuwa ndefu na nyembamba, na mji wa kanga unapindapinda. Uzi ni uleule na nguvu ni ileile, umebadilika upande tu. Fundi cherehani anayekata gauni kimshazari ili lilale vizuri mwilini anaitumia sifa hiyo.

Faibaglasi ya ubao ni kanga iliyoganda. Ikiwekewa nyuzi za pande mbili tu, za kwenda urefu na za kukata upana, ubao utakuwa mgumu kupinda lakini utajisokota kwa urahisi: unaweza kubonyeza vidole vya mguu wa mbele na kisigino cha mguu wa nyuma, ukaanza kona kwa pua tu wakati mkia bado unafuata habari ya zamani. Mbao za namna hiyo husifiwa kuwa zinasamehe. Mtengenezaji akiongeza nyuzi za mshazari, za nyuzi 45 kila upande, kanga imefungwa pembe. Ubao haujisokoti tena, amri ya mguu inafika yote, na kosa la mguu linafika lote vilevile. Huo wanausifu kwa maneno ya gari la mashindano: unajibu, umefunga, unakwenda kama umewekwa kwenye reli. Aliyejifunza wiki iliyopita atauita adui.

Weka ubao wa kizamani juu ya sakafu iliyo sawa na uutazame kwa ubavu. Unagusa sehemu mbili, karibu na pua na karibu na mkia, na katikati umenyanyuka milimita chache, kiasi cha kupitisha kadi kadhaa. Ni upinde hasa. Ukisimama juu yake, katikati inashuka na uzito wako unasukumwa kuelekea ncha zote mbili, ambazo sasa zinang'ang'ania theluji. Ndiyo maana upinde unashika kona vizuri, na ndiyo maana unaitwa catchy, mnasaji.

Kunaswa ni hivi. Mwanafunzi anashuka ubao ukiwa umekaa mlalo, mgongo wake ukielekea bonde au uso wake ukielekea bonde. Makali ya upande wa mlimani yanakwaruza, yale ya upande wa bondeni yameinuliwa kidogo hewani, na ni lazima yabaki hewani. Akichoka, akatazama pembeni, akasimama wima kwa nusu sekunde, makali ya bondeni yanagusa. Chuma kinazama kwenye theluji, ubao unasimama ghafla, mwili hauna habari. Kama alikuwa ametazama bonde, anakwenda kifudifudi. Kifua kinatangulia, magoti yanakunjwa nyuma, na ubao unapaa nyuma ya mgongo wake kumtafuta kisogo. Wanaita nge. Aliyewahi kumwona nge akiinua mkia haulizi kwa nini.

Katikati ya miaka ya 2000 ikaja dawa, nayo ilikuwa kuugeuza upinde juu chini. Ncha zikainuliwa, katikati ndiyo ikagusa, kama miguu ya kiti cha kubembea. Kampuni ya Lib Tech, ya jimbo la Washington, ikauza mmoja wa aina hiyo kwa jina la Skate Banana, na kweli ukiutazama kwa ubavu ni ndizi. Ncha zikiwa hewani, hakuna cha kunasa. Maneno ya sifa yakabadilika: ubao ni loose, umelegea, una mambo ya baharini, na kwenye theluji mpya ya unga unaelea wenyewe bila kuegemea nyuma. Wapinzani walikuwa na maneno yao. Kwenye theluji ngumu, walisema, ubao huo ni kindi, unakimbia huku na huku bila kujua unakokwenda. Meno yaliyopotea watu hao hao wa Lib Tech waliyafidia kwa makali ya mawimbi, kama kisu cha mkate, yanayoshika barafu kwenye vilele kadhaa badala ya mstari mmoja. Mbao nyingi za leo ni mchanganyiko, upinde mahali fulani na bembea mahali pengine, na mabishano yamehamia kwenye milimita.

Asiyetaka kununua ubao mpya ana tupa. Anausimamisha wa zamani, anakwaruza makali ya puani na mkiani mpaka yasikate ukucha, na sehemu ya katikati anaiacha na ukali wake. Dakika tano, na ubao mnasaji umetulia kwa kiasi kikubwa. Mbao za kukodi huwa laini kwa sababu hizo hizo za huruma, jambo la kukumbukwa na msomaji aliyeko Dubai, ambako tangu 2005 kuna mlima wa ndani ya jengo wenye njia ya mita 400. Ukikodi ubao pale ukaona unakutii, usiwahi kujisifu.

Kiswahili kina maneno mawili ya baridi hii, na yote mawili yalikuja kwa jahazi: theluji ya Kiarabu na barafu ya Kiajemi. Wahusika wa mlimani wanayatenganisha kwa ukali kuliko sisi. Theluji iliyosawazishwa na mashine usiku huitwa kodrai, kwa ile mistari yake ya suruali. Iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku huitwa isiyopenya risasi. Na juu ya hiyo isiyopenya risasi ndipo linaposikika neno muhimu kuliko yote katika msamiati huu.

Kona nzuri ni ya kuchonga. Ubao una kiuno, na ule mkato wa kiunoni ni kipande cha duara kubwa, ambalo nusu kipenyo chake kwa mbao nyingi ni mita 7 au 8. Ukiulaza ubao ubavuni, makali yanajipinda kufuata theluji na kukata duara dogo zaidi. Ukiulaza nyuzi 60, nusu kipenyo cha kona kinakuwa nusu ya kile cha kiunoni. Nyuma unabaki mstari mmoja mwembamba kama wa penseli. Kwenye barafu mstari huo unakatika. Makali yanashika, yanaachia, yanashika, yanaachia, makumi ya mara kwa sekunde, na miguu inasikia kama baiskeli iliyoingia kwenye barabara yenye matuta madogo madogo. Wanasema ubao una chatter, neno la Kiingereza litumikalo kwa watu wanaopiga soga na kwa meno yanayogongana kwa baridi. Hasara yake si kero tu. Kila sekunde ambayo makali yako hewani, hayashiki. Soga ikizidi, kona inasombwa, na mtu anakaa.

Ubao usiopiga soga husifiwa kwa neno damp. Kwa Kiingereza cha kawaida hilo ni unyevunyevu, ule wa ukuta wenye ukungu, na mgeni akisikia ubao mkavu kabisa ukiitwa mnyevu anachanganyikiwa. Lakini neno hilo lina maana nyingine ya siku nyingi, ya kuzima: kufifisha moto, kukata mlio wa waya wa kinanda. Mpiga ngoma anayelaza kiganja juu ya ngozi ili mlio ukatike amefanya kitu hicho. Ubao wa namna hii ukigonga uvimbe wa barafu unatetemeka mara mbili tatu, basi. Mwingine unaendelea kuimba.

Siri yake huwa ni vipande vyembamba vya mpira vilivyolazwa juu ya utepe wa chuma, pamoja na uzito na aina ya mti. Mpira unachukua mtetemo na kuugeuza joto dogo lisilosikika. Na mtego uko hapo. Kile kinachokula mtetemo kinaweza kula na mruko. Akiba uliyoiweka kwa kuegemea mkia ni ya kupinda vilevile, na mpira hauna macho. Fundi hodari anatumia tofauti ya kasi. Soga ya barafu ni mitetemo ya haraka haraka, mruko ni mpindo mmoja wa polepole, na ukichagua mpira wako vizuri na kuuweka karibu na makali, waweza kuzima wa kwanza na kumwachia mtu wa pili. Akikosea kidogo, ubao unanyamaza kote. Hapo neno linabadilika. Hausemwi tena kuwa umetulia. Unasemwa kuwa umekufa.

Nimelipenda jambo hili kwa sababu ya gereji zetu. Sisi tukisema shokapu zimekufa, tunamaanisha gari linarukaruka, halitulii baada ya tuta. Wao wakisema ubao umekufa, wanamaanisha hauruki. Ni sifa moja ileile, uwezo wa kula mtetemo, ila sisi kifo tumekiweka mwanzo wa mstari na wao wamekiweka mwisho. Na hata wao kwa wao mpaka unahama. Mtu wa mwendo kasi atashuka na ubao mzito asifu utulivu wake. Kijana wa bustani ya vilima ataukopa ubao huo huo kwa nusu saa na kuurudisha akiwa amenuna, aseme ni maiti.

Yako maneno nisiyoyaamini. La kwanza ni playful, mchangamfu, ambalo kwenye matangazo hupewa kila ubao usiokuwa wa mashindano. Limebeba ulaini, wepesi na ncha zisizonasa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo huwezi kujua ni kipi kati ya vitatu unachouziwa. La pili ni la kumsifu mtu kuwa na podo, lile la mishale, yaani mbao tano sita ukutani, mmoja wa kila hali ya theluji. Ni neno zuri sana, na limewatoa watu fedha nyingi.

Hata ubao mzuri una mwisho. Baada ya misimu kadhaa ya kupindwa na kugongwa, gundi na faibaglasi vinachoka kwa nyufa zisizoonekana, ule upinde wa sakafuni unashuka mpaka kadi haipiti, na mwenyewe anaanza kusema kwamba ubao wake ulikuwa na pop zamani. Hautupwi mara moja. Kwenye miji ya milimani utakuta mbao kama hizo zimepigiliwa uzio, zimefanywa rafu, na nyingi zimegeuzwa mabenchi mbele ya nyumba na ya migahawa, picha zake za rangi zikiwa zimechubuka palipokuwa na vishikio. Kaa katikati ya benchi hilo ukiwa na kikombe chako. Linabonyea kidogo, halafu linakurudisha.